Kusomea ustawi wa jamii ukitokea Kusini (huku Mtwara na Lindi): njia nzima, kuanzia matokeo ya fomu foo mpaka umekaa mezani unasikiliza watu

Matokeo ya fomu siksi yakitoka tu simu yangu haipumui. Juzi kanipigia mzee mmoja wa Newala, kesi yake tuliimaliza zamani kidogo, anasema "mwanangu, binti yangu kapata, sasa anang'ang'ania kusomea ustawi, hiyo si ile ya kusuluhisha watu na waume zao, atalipwa na nani?" Nikacheka mana ndo swali lenyewe, wengi wanaomba kozi hawajui hata mshahara unatoka wapi. Nikamweleza mpaka salio likakata, akanibipu, nikapiga tena. Nimeona bora niandike hapa mara moja kila kitu, ukiulizwa na mdogo wako unamtumia.

Mimi nilianza na dipuloma nikaunganisha digrii, sasa niko kwenye halmashauri moja huku huku Mtwara. Sio bosi, ni yule anayekaa na faili. Kwahiyo nitakayokwambia mengi ni ya mezani na ya njiani, sio ya ukumbini.

KABLA HUJAOMBA, JUA UNAOMBA NINI

Hapa ndo watu wanapotea wengi. Kuna ustawi wa jamii, kuna maendeleo ya jamii, kuna sosholojia. Zinafanana majina ila kazi tofauti kabisa. Afisa maendeleo ya jamii utamkuta na vikundi, usajili wa vikundi, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inayogawanywa wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Afisa ustawi unamkuta na mtu mmoja aliyekwama, au familia moja: mtoto katelekezwa, mzee hana wa kumtunza, mke na mume wameshindwana, mgonjwa kalazwa hana ndugu, kijana wa miaka 15 kakamatwa na polisi. Sosholojia inakufundisha jamii inaendaje, ni elimu nzuri, ila haikufundishi kukaa na mama anayelia saa nzima na mwisho ukaondoka na maelezo yanayoeleweka mahakamani. Kama unapenda miradi na mikutano ya hadhara, nenda maendeleo ya jamii, huku utachoka.

Na jambo la pili la kuchekesha kidogo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar (ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, watu wanaiita tu "Ustawi"), haifundishi ustawi peke yake, kuna kozi ya rasilimali watu na ya mahusiano kazini pia. Sasa kuna mzazi huku anatamba mwanangu yuko Ustawi, kumbe mtoto anasoma rasilimali watu, siku anarudi mtaani wanampelekea kesi za ndoa anabaki anatoa macho. Kwenye fomu soma jina la kozi, usisome jina la chuo.

HATUA YA 1: PIMA CHETI CHAKO, CHAGUA MLANGO

Milango iko mitatu.

Una fomu foo tu, una D nne au zaidi ukiondoa masomo ya dini: unaingia astashahada, mwaka 1, halafu dipuloma miaka 2. Hii inasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Usiidharau hii njia, mimi nimepita humo, na kusema ukweli waliopita chini wanakuwa wagumu kwenye fildi (mafunzo ya vitendo kazini) kuliko waliotoka fomu siksi moja kwa moja, mana wakifika digrii wameshakutana na watu.

Una fomu siksi lakini umepata prinsipo moja (ufaulu kamili) na sabsidiari (ufaulu wa chini yake): ingia dipuloma moja kwa moja.

Una prinsipo mbili zenye jumla ya pointi kuanzia 4: hapo digrii. D ni pointi 2, kwahiyo D mbili zinatosha kisheria, ila kutosha na kuchaguliwa ni vitu viwili tofauti. Ukitokea dipuloma wanaangalia GPA, ule wastani wa alama zako za chuo, kuanzia 3.0, na hapa nakuomba usome kuanzia semista ya kwanza, mana GPA ikishashuka mwanzo kuipandisha ni kama kupanda uwanda wa Makonde na baiskeli isiyo na breki umebeba gunia.

Michepuo ya HGL, HKL, HGK (historia, jiografia, Kiswahili, Kiingereza) inakaa vizuri lakini usikate tamaa kama ulisoma mwingine, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (tume ya vyuo vikuu) cha mwaka huo huo, tafuta kozi, soma masharti yake. Cha mwaka jana usitumie, masharti yanabadilika.

HATUA YA 2: CHUO

Ustawi Dar nimeshakitaja, ndo cha siku nyingi kwenye fani hii, na kina tawi Kisangara kule Mwanga, Kilimanjaro. Kuna Chuo Kikuu cha Kairuki Dar, cha binafsi, ada yake jipange. Na kuna Chuo Kikuu Huria, hiki watu wa Kusini tunakisahau wakati kina kituo Mtwara na kingine Lindi. Kama wewe ni mtendaji, mwalimu, nesi, una familia na shamba lako la korosho huwezi kuhamia Dar miaka 3, Huria ni jibu, unasoma huku unapalilia. Ila Huria hakuna mtu wa kukuamsha, nimeona watu wa miaka 3 wakasoma 7.

Kuomba unaomba chuo chenyewe kwenye mtandao wao, kwa raundi. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri wanayotuma kwa meseji. Kila mwaka kuna mtoto anapoteza nafasi sababu alijaza namba ya simu ya mjomba, mjomba yuko Liwale kwenye ufuta hakuna mtandao, meseji imefika siku ya tano. Jaza namba yako.

HATUA YA 3: MKOPO, ANZA NA RITA

Digrii unaomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo. Kinachokwamisha watu wa huku sio fomu yenyewe, ni vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Bodi inataka vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, sasa kuna mtoto baba yake alifariki kijijini miaka hiyo akazikwa yakaisha, hakuna aliyekwenda kuchukua cheti cha kifo. Akiandika kwenye fomu "yatima" bila cheti, kwa bodi yeye sio yatima. Kwahiyo usisubiri matokeo. Ukimaliza mtihani wa fomu siksi mwezi wa tano, wiki ya pili yake uko ofisini unafuatilia cheti, na kama jina kwenye cheti cha kuzaliwa ni Hadija na kwenye cha shule ni Khadija, hilo nalo lishughulikie mapema. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, pia. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa kaya maskini, hakikisha mna uthibitisho, unasaidia.

Pesa ya kujikimu, bumu, ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2023/24, na inakuja kwa mkupuo. Sikufundishi matumizi, ila mtoto wa mkulima wa korosho unaujua huu mchezo vizuri: hela inaingia siku moja, halafu kimya miezi. Umeona nyumbani ilivyo, fanya tofauti.

HATUA YA 4: DARASANI

Hapa sitakaa sana. Utasoma saikolojia, makuzi ya binadamu, sera, utafiti, kazi na mtu mmoja, kazi na kundi, kazi na jamii. Utakutana na akina Jane Addams aliyefungua Hull House kule Chicago mwaka 1889, utaona ni mambo ya Wazungu ya zamani, subiri, siku utafika kwenye kata yenye wahamiaji wa machimbo au wavuvi waliotoka huku na kule utamkumbuka yule mama.

Somo ambalo wanafunzi wanalikimbia na ndo litakulisha ni sheria. Shika hizi mpaka uziote: Sheria ya Mtoto ya 2009 (mtoto ni aliye chini ya miaka 18, matunzo, malezi, kuasili, mtoto aliyekinzana na sheria, vyote humo), Sheria ya Ndoa ya 1971 hasa kifungu cha 101 kinachotaka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na yale marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliyoweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Nunua nakala ya Sheria ya Mtoto, chora chora humo pembeni. Mimi yangu ina madoa ya chai na ndo naitumia mpaka leo.

Lingine ni zoezi la kuandika mazungumzo neno kwa neno, mteja kasema hivi, mimi nikasema hivi, nikajisikia hivi. Linachosha kweli, tulikuwa tunanakili kwa wenzetu usiku wa kuamkia kukusanya. Nilijuta. Mana ukija kusoma ulichoandika ndo unagundua mama alisema mara mbili "halafu usiku ndo inakuwa mbaya zaidi" na wewe ukamrukia na swali la anaishi kata gani.

HATUA YA 5: FILDI, NA HAPA TUKAE

Kozi hii inajengwa kwenye fildi. Cheti cha darasani watu wote mtakuwa nacho, kinachowatenganisha ni nani alikwenda fildi na nani alikwenda kusaini logibuku, lile daftari la kazi za kila siku.

Fildi yangu ya kwanza nilipangiwa ofisi moja, sitaitaja. Wiki tatu nzima nafanya fotokopi na kuagiza chapati. Nilinung'unika kimoyomoyo nikaona nimeonewa. Wiki ya nne akaja mama mmoja mtu mzima wa ofisi ile ile, akaniuliza, "mwanangu, umeomba kazi gani ukanyimwa?" Nikakosa jibu. Sikuwa nimeomba chochote. Basi kuanzia siku ile nikawa naomba vitu vitatu na nakushauri uviombe wiki ya kwanza: uruhusiwe kusoma mafaili yaliyofungwa, uruhusiwe kukaa kimya pembeni kwenye mahojiano mteja akikubali, na upewe kesi moja ndogo uifuate mwanzo mpaka mwisho chini ya msimamizi.

Wapi uombe kwa Kusini? Wanafunzi wote wanakimbilia manispaa mbili, Mtwara na Lindi, sababu ya bahari na umeme. Mimi nakwambia nenda hospitali walau fildi moja. Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, au za misheni kama Ndanda na Nyangao. Hospitali ndo utajua maana ya kupima uwezo wa mtu: kaletwa mgonjwa, bili imepanda, ndugu wanasema hawana kitu wana barua ya mtendaji, na wewe ndo unatakiwa useme huyu asamehewe au alipe. Ukisamehe kila anayelia dawa zinaisha, ukibana kila mtu kuna mzee atatoroshwa na kidonda usiku. Barua ya mtendaji ni mwanzo tu wa maswali. Uliza wanalima nini, mwaka huu wameuza kilo ngapi kwenye AMCOS (chama cha ushirika), nani analipa ada ya watoto, wamekuja na usafiri gani. Baada ya kesi kumi unaanza kusikia.

Fildi ya pili chukua wilaya. Tandahimba, Nanyumbu, Ruangwa, Liwale, popote ambapo afisa ni mmoja na kata ni nyingi, mana hapo hakuna wa kukuwekea fotokopi, utapewa kazi utake usitake.

Sasa nikupe mfano wa kesi ya huku ambayo vitabu havikwambii. Matunzo ya mtoto. Mama kaja na mtoto wa miaka miwili, baba hatoi kitu. Unasikiliza mama, unaandika, unampelekea baba wito kupitia mtendaji, anakuja, unamsikiliza peke yake kwanza, halafu pamoja. Wanakubaliana, unaandika, wanasaini na mashahidi. Kitabuni imeisha. Mwanafunzi akiandika "atatoa 50,000 kila mwezi" kila mtu anafurahi, ikifika mwezi wa pili baba hayupo, wa tatu hapokei simu, mama karudi ofisini. Huyo baba sio lazima awe mkaidi, ni mkulima wa korosho, hela yake inaingia kuanzia mwezi wa kumi minada ikianza na malipo yanapitia benki, kufika masika hana hata ya chumvi. Makubaliano ya huku lazima yafuate msimu: kiasi kikubwa kwenye malipo ya mnada, kinunuliwe chakula cha kuweka na kadi ya bima ya mtoto ikiwezekana, halafu kidogo kidogo cha miezi ya njaa kwa ufuta au vibarua. Na uandike pia kwamba hatauza kangomba, mana ukimwacha anauza korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijaanguka mtini, hiyo hela ya mtoto imeshaliwa mwezi wa nane. Nikianza kuandika hivi kesi zinazorudi zikapungua mezani kwangu, naongelea meza yangu tu.

Na unyago na jando. Utakutana navyo, hasa likizo. Vijana wetu wakitoka chuoni wanakuja na neno moja tu, mila potofu, wanalisema mbele ya kungwi. Basi umeharibu, kata nzima imefunga mlango. Mimi nakwenda kwa adabu, napiga hodi, nasalimia shikamoo, nakaa chini mkekani, nauliza mwaka huu mnacheza lini. Tukishaongea ndo nasema shida yangu: wali wenu, hao watoto mnaowacheza, warudi shule siku ya kufungua, na mtoto wa darasa la nne asifundishwe ya mtu mzima. Wengi wanaelewa, mana nao wana wajukuu. Akigoma na kuna mtoto anaumizwa, hapo adabu inaisha, sheria inaanza, dawati la jinsia polisi wanaingia. Lakini uwe umeanza na mkeka.

HATUA YA 6: SIRI

Masasi mji mdogo. Newala mdogo zaidi. Ukiongea kesi ya mtu kwenye bajaji, dereva ni shemeji yake. Usipige picha mtoto wa kesi ukaweka stetasi eti "leo tumemuokoa huyu", hata ukimziba macho watu wanaijua kanga ya mama yake. Kuna mwenzetu mmoja alifanya hivo kwenye fildi, akarudishwa chuoni wiki ile ile.

HATUA YA 7: AJIRA, SASA HAPA NDO SWALI LA YULE MZEE

Atalipwa na nani? Kubwa ni serikali, halmashauri na hospitali, unaingia kama afisa ustawi wa jamii daraja la pili, kwa dipuloma ni msaidizi. Tangu 2022 kuna Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum inayosimamia fani, ila ukiwa wilayani bosi wako ni mkurugenzi. Wengine wako kwenye huduma za probesheni wakisimamia waliohukumiwa kifungo cha nje, mahabusu za watoto, makao ya wazee. Nje ya serikali kuna mashirika ya watoto na ya VVU, makao ya kulelea watoto, nyumba za waraibu, namba 116 ya kupigia taarifa za watoto, kambi za wakimbizi Kigoma kama Nyarugusu ambako kuna kazi ya kushughulikia kesi za watoto. Mashirika yanalipa vizuri kuliko halmashauri, ila mradi una mwisho, ukiisha na wewe umeisha. Usikope gari kwa mshahara wa mradi.

Ajira za serikali zinatangazwa kwenye Ajira Portal. Fungua akaunti ukiwa bado mwaka wa mwisho, ijaze taratibu. Watu wanakatwa kwa vitu vya aibu: barua haijasainiwa, vyeti havijathibitishwa na wakili, mtu kaweka risalti slipu badala ya cheti. Tangazo linasema wazi risalti slipu na testimonio hazikubaliki, bado wanaweka. Majina yasitofautiane, na hapo tunarudi kwa Hadija na Khadija.

Usaili wa kuandika unauliza sheria na hatua za kushughulikia kesi. Wa mdomo wanakupa kesi: "mtoto wa miaka 13 kaletwa na jirani ana alama za kipigo, unafanyaje?" Wengi wanajibu nitampa ushauri nasaha. Hapana. Kwanza usalama wake usiku wa leo, pili hospitali na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), tatu polisi dawati, nne atalala wapi na kwa nani, tano unaandika. Ushauri utakuja, hata kesho kutwa.

Ajira zinachelewa, sikufichi. Wenzangu wengine walikaa mtaani miaka mitatu. Ulipokuwa unasubiri ulikuwa wapi, ndo paneli wanachouliza. Kajitolee kwa barua, halmashauri nyingi za huku zinapokea mana watu hawatoshi, na ukiona hawakupi hata nauli weka muda, miezi sita kwa mfano, halafu kaangalie mashamba yako usije ukazeeka unajitolea. Jiunge na TASWO, chama cha wana ustawi, nafasi nyingi ndogo ndogo nilizisikia kwa watu wa humo.

HATUA YA 8: UMEPANGIWA KITUO

Mkeka wa majina ya walioajiriwa umetoka, jina lako lipo, umepangiwa wilaya ambayo hujawahi kufika. Nenda. Wiki ya kwanza usikae ofisini, zunguka ujitambulishe kwa watu hawa: watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji, askari wa dawati la jinsia, nesi wa zamu ya usiku, hakimu, walimu wakuu, shehe na padri, makungwi, na muuza duka anayekaa karibu na stendi, huyo wa mwisho anajua watoto wote wanaolala nje. Namba zao ziandike kwenye daftari, usiweke kwenye simu peke yake. Yangu iliibiwa stendi siku ya nne, na mama wa kesi yangu ya kwanza nilimtafuta kijiji kwa kijiji wiki mbili nzima, kumbe kahamia kwa dada yake mtaa wa pili kutoka ofisini.